Maisha ya Ibn Sina, na Funzo Lake Juu ya Dawa za Kutia Ganzi

Ndugu zetu Waislamu, wahudhuriaji wa darsa zetu wameona kuwa viti vinavyopangwa mwisho wa safu misikitini vinazidi kuongezeka. Wazee wetu, na hata watu wa makamo, wanalalamika magoti, viuno na mabega. Wengi wao wana mfukoni kikopo cha marhamu ya kutia ganzi, ama wamepewa na jirani, ama wamenunua kwa mchuuzi asiyejua kilichomo ndani yake. Ukimwuliza mmoja wao ugonjwa wake ni upi, hajui. Ukimwuliza kama amekwenda kwa tabibu, hukujibu kuwa hana haja, kwa kuwa akisha kupaka hasikii kitu.

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kutosikia kitu na kupona ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyachanganya huenda akajuta siku ambayo majuto hayafai. Hatukuona njia bora ya kulieleza jambo hili kuliko kusimulia maisha ya mtu aliyelijua vizuri, akaliandika kwa ufafanuzi miaka elfu iliyopita, kisha akafikwa nalo mwilini mwake. Mtu huyo ni Abu Ali Al-Husain bin Abdillah bin Sina, ambaye Waislamu walimpa lakabu ya Sheikh Rais.

Ibn Sina alizaliwa mwaka wa 370 Hijria, sawa na 980, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, nchi ambayo leo huitwa Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akahamia Bukhara zama za ufalme wa Wasamani na akapewa kazi ya usimamizi katika vijiji vya huko. Mama yake akiitwa Sitara. Khabari za ujana wake alimwandikisha mwenyewe mwanafunzi wake, Abu Ubaid Al-Juzjani, na khabari zilizobakia akaziandika Al-Juzjani kwa aliyoyashuhudia katika usuhuba wao wa miaka 25 hivi. Kwa hivyo maisha ya bwana huyu hatuyapati kwa uvumi.

Alipotimia umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani na kusoma mengi katika adabu ya lugha ya Kiarabu. Hesabu za Kihindi alipelekwa akajifunze kwa muuza mboga aliyezijua, na baba yake hakuona aibu kumkalisha mwanawe mbele ya mtu wa sokoni, maadamu mtu huyo ana elimu. Fiqhi alisoma kwa Ismail Az-Zahid. Mantiki na jiometria alianzishwa na mwalimu aliyeitwa An-Natili, na haukupita muda mrefu mwanafunzi akampita mwalimu. Kisha akaingia katika utabibu kwa kusoma vitabu mwenyewe na kutazama wagonjwa. Alipofika miaka 16 matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake.

Katika ujana wake huo yako mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, kila lilipomshinda swala la elimu alikuwa akienda msikitini, akisali na kumwomba Mola wake amfungulie. La pili, hakuona haya kurudia. Kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, na bado hakukifahamu, mpaka alipokipata sokoni kijitabu cha Al-Farabi kwa dirhamu tatu, naye alikuwa amekwanza kukikataa. Alipokisoma akafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa mafakiri kumshukuru Mungu. Leo mmoja wetu husoma kitu mara moja, asipokifahamu hukitukana kitabu.

Alipokuwa na miaka 17 hivi, Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alishikwa na maradhi yaliyowashinda matabibu wake. Akaitwa kijana huyu, akashirikiana nao katika kumtibu mpaka akapona. Ibn Sina hakuomba dhahabu wala cheo, bali aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya Amiri. Akaingia katika nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba kina masanduku ya vitabu vya fani yake, akaona humo vitabu ambavyo hakuviona kabla wala hakuviona tena baadaye.

Raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki, ufalme wa Wasamani ukaanguka, na Ibn Sina akawa mtu wa safari. Alikwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha mji baada ya mji, mpaka Jurjan, akikusudia kumfikilia mfalme Qabus. Kabla hajaonana naye, Qabus alikamatwa akafungwa, na akafa. Huko Jurjan ndiko Al-Juzjani alikojiunga naye, na ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha utabibu, Al-Qanun.

Kutoka huko akenda Rayy, kisha Hamadan, ambako mfalme Shamsud-Daula alikuwa akisumbuliwa na msokoto wa matumbo, ugonjwa ambao Waarabu huuita qulanji. Ibn Sina alimtibu akapona, na mfalme akamfanya waziri. Askari hawakuridhika naye. Wakaizunguka nyumba yake, wakapora vilivyomo, wakataka auawe. Mfalme akakataa kumwua, walakin akamwondoa kazini. Akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki yake. Ugonjwa wa mfalme uliporudi, akatafutwa, akaombwa radhi, na akarudishwa katika uwaziri. Mchana ukawa ni wa kazi za dola, na usiku ni wa darsa, huyu anasoma Al-Qanun na yule anasoma kitabu chake kingine, Ash-Shifa. Baada ya kufa Shamsud-Daula alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo pia hakuacha kuandika. Hatimaye alitoroka Hamadan pamoja na ndugu yake, Al-Juzjani na watumwa wawili, wote wamevaa mavazi ya Masufi, mpaka wakafika Isfahan kwa mfalme Alaud-Daula, aliyemkirimu muda wote uliobakia wa umri wake.

Sasa na tutazame kazi iliyofanya jina lake lisisahaulike. Al-Qanun ni kitabu chenye sehemu tano. Ya kwanza ni misingi ya utabibu. Ya pili ni dawa moja moja, nazo ni karibu 800. Ya tatu ni maradhi ya kila kiungo kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ya nne ni maradhi yasiyokhusu kiungo kimoja, kama homa. Na ya tano ni dawa za kuchanganywa. Katika karne ya 12 kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo na Gerard wa Cremona, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha mpaka karne ya 17. Kwa Kiarabu kilipigwa chapa mjini Rome mwaka wa 1593. Al-Juzjani asema kuwa Sheikh alikuwa ameandika majaribio yake mengi ya matibabu ili ayatie ndani ya kitabu, lakini karatasi zile zikapotea kabla kitabu hakijatimia.

Katika sehemu ya kwanza ameweka mlango wa maumivu, nao ndio unaotukhusu. Matabibu waliomtangulia, wakifuata kauli ya Galen, waliona kuwa sababu ya maumivu ni kukatika kwa kilichoungana mwilini. Ibn Sina aliongeza kuwa mwili huuma pia ukigeuka tabia yake kwa ghafula, hata kama hapana kilichokatika. Kisha akayagawa maumivu namna 15: yako yanayochoma, yanayobana, yanayovuta, yaliyo mazito, yenye uchovu, na yako pia maumivu ya ganzi. Faida ya mgawo huu ni kubwa, kwa sababu kila namna humwelekeza tabibu kwenye sababu yake. Kwa Ibn Sina maumivu yalikuwa ni khabari inayoletwa na mwili, na tabibu ni mwenye kuisoma khabari hiyo.

Kisha akaeleza njia za kuyatuliza. Vitulizo vya maumivu, kwake yeye, ni vya aina tatu. Aina ya kwanza huirekebisha tabia ya mwili iliyoharibika, na ya pili huiyeyusha na kuiondoa mada iletayo maumivu. Hizi mbili huiendea sababu. Aina ya tatu ni ya dawa zinazotia ganzi, ambazo haziigusi sababu ila huiondoa hisi ya kiungo kisisikie. Katika dawa za ganzi aliiweka mbele afyuni, kisha mimea mingine mikali, na akahisabu humo barafu na maji ya baridi sana. Tena hakusahau vitulizo vyepesi ambavyo watu huvidharau: kwenda mwendo wa taratibu kwa muda mrefu, kupaka mafuta laini, na kuushughulisha moyo na jambo la kupendeza.

Kuhusu ganzi aliweka mizani. Tabibu atazame, je, maumivu haya yana nguvu ya kumwua mgonjwa au kumdhoofisha kabla dawa ya asili haijafanya kazi? Ikiwa ni hivyo, atie ganzi, na madhara yake ayatibu baadaye. Ikiwa sivyo, basi avumilie na kuiendea sababu. Vile vile atazame kiungo chenyewe. Jino likiwekewa dawa ya ganzi halipati madhara makubwa; sisi watu wa pwani twalijua hilo kwa mafuta ya karafuu. Ama katika msokoto wa matumbo, alionya kuwa dawa za ganzi madhara yake ni makubwa, kwa kuwa maumivu yatulia na ugonjwa wazidi kukaza. Msomaji na alihifadhi onyo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Yeye mwenyewe alitumia ganzi kwa mizani hiyo. Siku moja aliumwa na kichwa, akahisi kuwa kuna mada inayotaka kuteremka na kuleta uvimbe. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa ndani ya kitambaa, akajifunika nayo kichwani mpaka akapona. Alijua anaumwa na nini, alijua anaweka nini, na alijua aweke mpaka lini.

Ama maumivu ya viungo, jongo, na yale yanayoteremka kutoka nyongani mpaka mguuni, aliyawekea milango yake mwishoni mwa sehemu ya tatu. Katika dawa za jongo alitaja mmea wa suranjani. Mpaka leo matabibu hutumia dawa ya jongo inayotokana na mmea huo, nayo huitwa kolkisini, ingawa ni kali na haitumiwi ila kwa kipimo.

Hatuandiki haya kwa kumtakasa mtu. Katika mambo ya falsafa Ibn Sina alisema maneno ambayo wanavyuoni hawakuyakubali, na Imamu Al-Ghazali alitunga kitabu kizima kuwajibu wanafalsafa, yeye akiwa mbele kati yao. Katika mwenendo wake pia yamenukuliwa mambo ambayo Mwislamu hamfuati. Walakin hekima haikataliwi kwa sababu ya makosa ya aliyeisema, na hata wapinzani wake hawakuutupa utabibu wake.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Alipokuwa safarini na jeshi la Alaud-Daula alishikwa na ugonjwa ule ule aliokuwa akiwatibu wafalme, msokoto wa matumbo. Alichelea jeshi lisije likashindwa na kurudi nyuma, naye akaachwa njiani. Kwa pupa ya kutaka kupona, akajitia dawa ya kusafisha matumbo kwa njia ya nyuma mara nane kwa siku moja, mpaka matumbo yakapata vidonda. Ikazidi hali yake, akapatwa na kifafa. Akaagiza itiwe katika dawa mbegu za figili-mwitu kwa kipimo cha danaki mbili. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu tano, na Al-Juzjani hakujua kama ni kwa kusudi au kwa kukosea. Kisha katika dawa nyingine aliyokuwa akinywa kwa ajili ya kifafa, mmoja wa watumishi wake akatia afyuni nyingi, kwa kuwa walikuwa wamemwibia mali na wakataka afe ili wasalimike na adhabu.

Ewe msomaji, tazama. Aliyeandika kuwa dawa ya ganzi ina madhara makubwa katika msokoto wa matumbo, alitiliwa afyuni naye ana msokoto wa matumbo. Na aliyefundisha vipimo, alidhuriwa na vipimo vilivyopita kiasi, kimoja kwa haraka yake mwenyewe na vingine kwa mikono ya watu. Hakufa hapo hapo. Alipata nafuu, ugonjwa ukarudi, mpaka alipofika Hamadan akajua kuwa nguvu za mwili zimekwisha, akaacha kujitibu. Imepokewa kuwa alitubia, akatoa sadaka, akarudisha haki za watu aliowajua, akaacha huru watumwa wake, na akawa akikhitimu Qur'ani kila siku tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka wa 428 Hijria, sawa na 1037, akazikwa Hamadan, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

Sasa na turudi kwenye vile vikopo vya mifukoni. Ganzi ya zama zetu si afyuni wala barafu. Mwaka wa 1943 mwanakemia wa Uswidi, Nils Löfgren, akisaidiwa na Bengt Lundqvist, alipata dawa iitwayo lidokaini, nayo ndiyo inayotiwa katika marhamu nyingi za ganzi. Kazi yake ni kuifunga milango midogo ya mishipa ya fahamu, khabari ya maumivu isipite. Huleta nafuu kwa baadhi ya maumivu ya karibu na ngozi, kama yale yanayobakia baada ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Lakini goti na nyonga ni viungo vilivyo ndani, na dawa inayopakwa juu ya ngozi haivifikii ila kwa uchache. Ziko marhamu nyingine zenye asili ya pilipili, mmea ambao Ibn Sina hakuujua kwa kuwa ulitoka bara la Amerika baada yake. Hizo huchosha mishipa ya fahamu, na nafuu yake huja baada ya kupakwa siku nyingi mfululizo. Ziko zenye mentholi, ambazo huleta ubaridi kama barafu ya Sheikh. Na ziko ambazo si za ganzi kabisa, kama jeli ya diklofenaki, ambayo hupunguza uvimbe na yafaa kwa magoti na vidole vya mikono vilivyochakaa. Asiyejua kikopo chake ni cha namna gani, anajuaje kinamfaa?

Tena ganzi ina hatari zake. Lidokaini ikipakwa mwili mwingi, au juu ya ngozi iliyochubuka, au ikafungwa kwa plastiki, au ikawekewa juu yake chupa ya maji moto, huingia katika damu kwa wingi, na huweza kuharibu mapigo ya moyo na kuleta kifafa. Wako waliokufa kwa hayo. Basi ipakwe kidogo, mahali padogo, kwa kipimo kilichoandikwa, mikono ioshwe, na kikopo kiwekwe mbali na watoto. Mwenye maradhi ya moyo na mwenye mimba waulize kwanza.

Na yako maumivu ambayo haijuzu kuyanyamazisha kabla ya kuyauliza: kiungo kilichovimba na kuwaka moto, maumivu yenye homa, yanayomwamsha mtu usiku huku mwili wakonda, au yanayokuja na udhaifu wa miguu. Hayo ni ya kupelekwa hospitali upesi. Watazameni wenye ugonjwa wa sukari, ambao nyayo zao zimekufa ganzi wenyewe bila ya marhamu: mmoja wao hukanyaga msumari asijue, mpaka mguu ukaoza. Hapo ndipo mtu hufahamu kuwa maumivu ni mlinzi, na mlinzi hanyamazishwi kabla ya kuulizwa ameona nini.

Halipingwi jambo la kutafuta nafuu. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, na asiyeweza kusimama husali amekaa. Mwenye marhamu nzito pia asisahau kuiosha kabla ya udhu ikiwa yazuia maji kufika ngozini na kuiondoa hakumdhuru. Tunalolikataza ni mtu kupaka mwaka mzima asijue anaumwa na nini, akafanya kama yule azibaye masikio mlango wake ukibishwa.

Basi shime, ndugu zetu. Mwenye mzee nyumbani na amfuate leo, amwulize ni wapi pamuumapo na tangu lini, akitazame kikopo chake, kisha amshike mkono ampeleke kwa tabibu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji.